Ndoa Ikifa, Izikwe

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka Mikumi. Aliyeiandika ni mama mmoja mwuza chakula, na kwa ombi lake sitamtaja jina. Anasema mumewe alikuwa utingo wa malori yaendayo Tunduma. Siku moja, yapata miaka saba iliyopita, aliondoka na lori kama kawaida yake, na hakurudi. Hakufa, kwa maana wapo watu waliomwona Mbeya akiishi na mwanamke mwingine. Hakumpa mama huyu talaka wala hakumtumia neno kwamba amemwacha. Wakwe bado wanamwita mke wa nyumba yao, na ukitokea msiba wanamtazamia aende kupika. Amejitokeza mtu wa kumposa, naye hajui amjibu nini. Mwisho wa barua yake anauliza swali moja tu: yeye ni mke, au si mke?

Nililifikiria swali hilo kwa siku kadhaa. Nilitambua kwamba haliko Mikumi peke yake. Liko katika kila mji wenye stesheni, kituo cha malori au machimbo. Lakini kwa kuwa limetoka wilaya ya Kilosa, leo nataka tuitazame historia ya wilaya hiyo hiyo. Tujiulize wazee wa huko waliimalizaje ndoa iliyoshindikana, ni nini kiliuvuruga utaratibu wao, na sisi leo tunao utaratibu gani.

Wenyeji wa sehemu zile ni Wasagara, Wavidunda na Wakaguru. Wakaguru wengi sasa wako wilaya ya Gairo, iliyokatwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Watu hawa, kama jirani zao Waluguru, wanahesabu ukoo kwa upande wa kuukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa katika ndoa. Mwanamke aliyeolewa hakuuacha ukoo wake na kuingia ukoo wa mume. Alikwenda kwa mumewe akiwa mtu wa kwao, akaishi huko akiwa mtu wa kwao, na mambo yakiharibika alirudi akiwa bado mtu wa kwao. Hakurudi kama mgeni.

Kwa hiyo ndoa ilikuwa mapatano ya koo mbili, na kuvunjika kwake kulikuwa kazi ya koo hizo hizo mbili. Wazee walikaa. Mume alisema yake, na mke alisema yake au alisemewa na wajomba zake. Walijaribu kwanza kupatanisha, na walipoona haiwezekani, ilizungumzwa mahari: kipi kirudi na kipi kisirudi. Walipoinuka pale, kila mtu kijijini alijua kwamba fulani na fulani si mume na mke tena. Kila mmoja wao alikuwa huru kuanza maisha mengine, na hapakuwa na wa kuuliza.

Sitaki msikilizaji adhani kwamba ninazisifu zama hizo kupita kiasi. Utaratibu ule ulikuwa na ukali wake. Wajomba waliokwisha kula mbuzi wa mahari hawakuwa na haraka ya kumpokea mpwa wao, maana kumpokea kulikuwa na gharama, na mwanamke aliyepigwa aliweza kurudishwa kwa mume kwa sababu tu mbuzi hawapo. Tena tusisahau kwamba katika karne ya 19 njia ya misafara ya pwani ilipita katika nchi ya Usagara, ikipeleka na kuleta pembe, nguo na watumwa. Mwanamke aliyetekwa na kuozwa ugenini hakuwa na mjomba wa kumsemea wala kwao pa kurudi. Huyo, ndoa ikimshinda, alinyamaza tu. Hata hivyo, kwa yule aliyekuwa na ukoo, ndoa ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na milango yote miwili ilikuwa na mashahidi.

Sasa, ndugu msikilizaji, nchi ya Usagara ndiyo pia iliyotufundisha hatari ya makubaliano yasiyoeleweka. Kila aliyesoma darasani anamkumbuka Mangungo wa Msovero. Mwezi Novemba mwaka 1884 Carl Peters alifika kwake na karatasi yake, na Mangungo akaweka alama. Mgeni aliondoka akisema amepewa nchi nzima, na mwenyeji alibaki akidhani amepata rafiki. Watu wawili, karatasi moja, maana mbili. Nalitaja jambo hili kwa sababu nitalirudia nitakapozungumzia karatasi za talaka. Mtu asiweke dole gumba mahali asipopaelewa, hata kama anayemhimiza ni mtu aliyewahi kuwa mume wake au mke wake.

Baada ya Wajerumani kuingia, ilikuja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa miaka michache baadaye, na mwaka 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Pamoja na reli yakaja mashamba ya mkonge, na Kimamba, Rudewa na Kilosa yenyewe zikajaa wafanyakazi kutoka mbali. Wengine walitoka magharibi, wengine nyanda za juu za kusini, wengine walivuka Mto Ruvuma. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa mkataba na kupewa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na waliishi kambini.

Kijana wa kambini naye ni mtu. Alimpata msichana wa Kimamba, akakaa naye, wakazaa. Lakini wazee wake walikuwa mwendo wa siku nyingi, na pengine mahari ilikuwa kitu kidogo tu kwa kuonyesha nia. Mkataba ulipokwisha, au mkonge uliposhuka bei, alipanda treni. Wengine waliwachukua wake zao. Wengine waliahidi kurudi, wakarudi. Na wengine waliahidi, na hiyo ikawa ndiyo habari yao ya mwisho. Hapo ndipo ilipoanza, kwa wingi, ndoa ambayo haikuvunjwa na mtu yeyote, bali iliachwa stesheni. Kwa kuwa hakuna baraza lililokaa, hakuna aliyejua kama imekwisha.

Waingereza nao walipotawala kwa kuwatumia machifu, kuanzia miaka ya 1920, walianzisha mahakama za wenyeji. Huko Ukaguru, makao ya uchifu yalikuwa Mamboya. Mashauri ya mahari, ugoni na talaka yalikuwa chakula cha kila siku cha mahakama hizo. Watu walitembea mwendo mrefu kwenda kusikilizwa, na hawakuwa wapenda kesi. Walikuwa wanatafuta kile walichokipoteza: mahali pa kusemea kwamba jambo hili limekwisha, mbele ya watu, na likaandikwa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, uchifu ulifutwa na mahakama za mwanzo zikachukua nafasi ya mahakama zile za machifu. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo kuhusu sheria moja ya ndoa, wananchi wakaujadili, na mjadala ulikuwa mkali. Matokeo yake ni Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo. Sheria hiyo ilizitambua ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za bomani, ikaziweka zote chini ya paa moja.

Watu wengi wanaiogopa sheria hii kwa sababu hawajui inasema nini. Mimi naona kwamba katika jambo la talaka ilirudisha kitu ambacho mzee wa Kikaguru angekitambua mara moja. Inataka shauri lipelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mabaraza haya yako katika jamii, na mengine yako chini ya madhehebu ya dini. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, linatoa hati ya kusema kwamba limeshindwa, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mahakama nayo haiulizi tu nani ana kosa. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika tena. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuionyesha mahakama hivyo ni ukatili, ugoni, na kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Msikilizaji wangu wa Mikumi, umesikia? Miaka mitatu. Wewe umengoja saba. Sheria inasema tena kwamba aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko, hatakiwi kupita kwenye baraza kabla ya kwenda mahakamani. Lakini anayejua mwenzake aliko aanzie kwenye baraza, na baraza lina uwezo wa kumwita huyo mwenzake.

Lilibaki suala la mali. Kwa miaka mingi mwanamke aliyeachwa aliambiwa: wewe ulichangia nini? Nyumba kajenga mume, shamba kalima mume, wewe ulikuwa unapika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na ikasema kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba, nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Inafaa tuieleze hukumu hiyo kwa ukamilifu wake. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba fungu lake lilikwisha kumfikia kupitia fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi. Lakini msingi uliowekwa siku ile umebaki, na wanawake wengi waliomfuata wameutumia. Ndiyo maana nasema, anayeletewa karatasi ya kukubali kwamba hadai chochote amkumbuke Mangungo. Aisome, asomewe, aulize, kisha ndipo aamue.

Sasa tuzungumze juu ya moyo, maana karatasi peke yake haiponyi. Kwa nini nimesimulia historia yote hii? Ni kwa sababu naamini kwamba jeraha la ndoa halianzi kupona mpaka ndoa yenyewe iwe imetamkwa kwamba imekwisha. Tazama tunavyofanya katika msiba. Aliyefiwa hulia, hukaa matanga, watu huja, na siku ya kuanua matanga hufika. Baada ya hapo huzuni haijaondoka, lakini ina mahali pake. Aliyepotelewa na mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa hana matanga, na huzuni yake haina siku ya kuanuliwa. Mke aliyeachwa bila kuachwa, na mume vile vile, ndio hali yao hiyo. Kila lori linaposimama usiku moyo unashtuka.

Dini nazo zimelijua jambo hili. Katika Uislamu mwanamke aliyetalikiwa anakaa eda, nayo kwa mwenye kupata hedhi ni ya vipindi vitatu, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Watu huitaja eda kwa sababu ya kujua mimba ni ya nani, na ni kweli. Lakini eda ni muda pia. Unajua umeanza lini na utakwisha lini. Ndani yake watu wanaweza kurudiana kama talaka ni ya kurejea, na ikipita mtu anajua amesimama wapi. Makanisa yana misimamo yake, na Kanisa Katoliki haliitambui talaka. Hata hivyo, nalo lina mahakama zake za kuchunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo. Kote huko, waumini hawaambiwi waishi gizani. Wanaambiwa waende wakaulize.

Ndugu msikilizaji, mimi ninayesema haya si mtu msafi. Ndoa yangu ya kwanza ilikufa miaka mingi iliyopita, na mimi ndiye niliyekataa kuizika. Mwenzangu aliomba tumalizane kwa wema, nikakataa kwenda kwenye kikao. Nilijiambia kwamba naitetea ndoa. Ukweli ni kwamba nilitaka ateseke. Niliona kwamba nikimnyima talaka, basi hata kama hayuko nyumbani kwangu bado yuko mkononi mwangu. Nilikaa hivyo miaka miwili na nusu. Katika muda huo sikumwadhibu mwingine bali nafsi yangu na watoto wangu, waliokuwa wakipita barabarani na maneno ya mama kwa baba na ya baba kwa mama kama tarishi. Siku moja binti yangu mdogo aliniuliza kama ni yeye aliyekosea. Sikumjibu. Juma lile lile nilikwenda kwenye kikao. Kilichukua muda usiozidi asubuhi moja. Nilipotoka nililia, na yale yalikuwa machozi ya kwanza tangu aondoke. Nadhani kupona kwangu kulianza pale.

Kwa hiyo nawaambia wanaume wenzangu waziwazi: kumwacha mwanamke akining'inia si ushujaa wala si heshima ya ukoo. Ni deni. Kama umeshindwa kurudi, rudi japo mara moja useme kwamba hutarudi. Na wakwe mnaomwita mwana wa watu mke wa nyumba yetu wakati mnajua mtoto wenu ana nyumba nyingine, mnamtumia. Mwachieni.

Watu wa Kilosa watanielewa nikikumbusha mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika na kuingia katika makazi. Maelfu ya watu waliishi katika mahema, na hata reli ilikatika. Maji yalipopungua, hakuna aliyeanza maisha mapya kwa kukana kwamba mafuriko yalitokea. Waliingia, wakatazama kilichosombwa na kilichobaki, wakatoa matope, na wengine wakahamia sehemu ya juu zaidi. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja, na haikuwa ya mtu mmoja. Aliyekuwa na ndugu alibebwa na ndugu, asiye na ndugu alibebwa na jirani.

Na hapo ndipo penye upungufu wetu mkubwa leo. Mikumi ni mji wa barabara. Watu wake wametoka pande zote, na wengi wao mjomba yuko mbali, au hayupo kabisa. Mwanamke akiachika hana ua wa kurudia kama zamani. Mwanamume akiachwa huchekwa, akaishia kilabuni. Tunawaita watalaka, tunawanyima kiti cha mbele kwenye harusi tukidhani wana mkosi. Kama hatuwezi kurudisha koo za zamani, basi tuwe sisi wajomba. Jirani amsindikize mwenzake kwenye baraza, maana kwenda peke yake kunamtia woga. Mzee wa mtaa akubali kuwa shahidi. Rafiki asimwambie aliyeachika asahau haraka. Amsikilize, na amwitie chakula. Na watoto waambiwe na wazazi wote wawili, kwa mdomo mmoja ikiwezekana, kwamba waliovunja ndoa ni wakubwa, na kwamba wao hawajaachwa na mtu.

Sasa nimjibu mama wa Mikumi. Mama yangu, umeuliza kama wewe ni mke au si mke. Kwa sheria bado ni mke, na utaendelea kuwa mke mpaka mahakama itamke vingine. Kwa hiyo usimpe jibu huyo anayekuposa kabla ya kumaliza hili. Chukua cheti cha ndoa, au kama mliozana kimila tafuta watu wawili au watatu waliokuwepo. Nenda kwenye baraza, ueleze tangu siku ile lori lilipoondoka. Likishindwa kuwapatanisha, peleka hati yake mahakama ya mwanzo. Taja watoto na matunzo yao, taja na mlichochuma pamoja hata kama ni chumba kimoja na kiwanja. Hukumu ikitoka, usikimbilie harusi. Jipe muda wako, uwe na mwanzo na mwisho. Lia kama una la kulia. Kisha siku ukisikia lori linasimama usiku, ukageuka upande wa pili na kuendelea kulala, ujue kwamba umepona.

Wazee walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini hayapiti yenyewe, ndugu msikilizaji, yanapitishwa. Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo saa kama hizi.